Springi za Kuazima

"Na usinikatize," alisema Mama Pacha, ambaye ndiye aliyekuwa amemkatiza mwenzake mara tatu. "Wanangu wako kitandani mpaka sasa hivi, njoo uwahesabu miguu. Hao farasi unaowasikia, bwana, watafute kwenye kichwa chako."

Mshonaji alikuwa amesimama ngazi tatu chini yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni na pini mbili mdomoni, na pini hizo ndizo zilizokuwa zinampunguzia ushindi. Alizitoa, akazichomeka kwenye kola ya shati, akaanza upya. Hoja yake ilikuwa moja, na wiki tatu mfululizo alikuwa amemweleza kila aliyekubali kusimama: Jumamosi asubuhi, kwenye dari lake, kuna mtu anaburuza kabati. Linaburuzwa kidogo, linatulia, linaburuzwa tena. Yeye anakaa ghorofa ya pili. Mama Pacha anakaa ya tatu, juu ya kichwa chake. Juu ya Mama Pacha hakuna binadamu, kuna paa na tangi la maji basi. Sasa kama si Mama Pacha anayehamisha samani kila wiki, ni malaika?

Milango ilikuwa imeshafunguka yote. Katika jengo lile ugomvi wa kwenye ngazi ulikuwa mali ya umma. Ukiugombea chumbani mwako watu walikuona mchoyo. Aliyekuwa anapiga mswaki alitoka na mswaki wake, na mama mkwe wa Mama Pacha alitolewa kiti kabisa, akakikalia mlangoni kama aliyekata tiketi.

Mama Pacha alicheka kicheko kifupi cha kumtayarishia mtu aibu. Akasema yeye kabati lake moja lina milango miwili na hakuna hata mmoja unaofungika, alihamishie wapi. Halafu akasema jambo ambalo hakulipa uzito, alilitupa tu kama kijembe cha mwisho: kwamba hiyo sauti hata yeye anaisikia, na yeye inamjia kutoka juu. Chokaa inamdondokea kwenye sukari. Kama Mshonaji anataka kumshtaki mtu, apande akamshtaki njiwa.

Hapo ndipo alipofika Injinia, anapanda na mkate kwapani.

Jina hilo alipewa na jengo, na kwa jengo lilikuwa sifa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kidogo, anaishi peke yake ghorofa ya pili, mlango unaotazamana na wa Mshonaji, upande ule wa ngazi ambao paani kwake hakuna kitu. Kazi yake ilikuwa kupima vitu kwa kompyuta kabla havijajengwa: unachora chuma chako, unakigawa vipande vidogo vidogo kama wavu, unakibebesha mzigo, halafu programu inakuonyesha rangi. Buluu ni salama, nyekundu ni balaa. Tangi la paani alilipima yeye. Mjomba wake, kaka wa mama yake, ndiye mwenyekiti wa kamati ya wapangaji, na miezi mitano nyuma yeye ndiye aliyemwomba karatasi yenye sahihi, ili tangi jipya la lita elfu nane lipandishwe mahali pa lile bovu.

Kwa hiyo wote wawili wakamgeukia awaamulie. Mshonaji akasema wewe umesoma, Mama Pacha akasema wewe ni mwanamke mwenzangu, na watu wakacheka. Injinia naye akafungua mdomo kusema neno la kuwapatanisha.

Chini uani, pampu ikawaka. Maji ya mtaa yalikuwa yanatoka Jumamosi tu, na Mjomba, mwenye ufunguo wa pampu, hakuchelewa hata dakika. Bomba lililopita kwenye kuta za ngazi likaanza kutetemeka. Baada ya muda, juu kabisa, ikasikika. Krrr. Ikatulia. Watu wote wakatazama juu. Krrr.

"Umesikia?" Mshonaji akauliza kwa upole, kama mtu aliyethibitishiwa ugonjwa.

Injinia alikuwa amesikia. Kabati la mbao likiburuzwa linalia kwa mfululizo. Hiki kilikuwa kinashika, kinajikaza, kinateleza unywele mmoja, kinashika tena. Kilikuwa ni chuma juu ya chuma, vyenye uzito mkubwa kati yao.

Alisema ataliangalia. Aliingia kwake, akafunga mlango, na mkate ukabaki kwapani mpaka alipohitaji mkono wa kufungulia kompyuta.

Tangi lenyewe halikuwa na siri. Lilikuwa la chuma, la duara, limelazwa kama mtu anayepumzika, na limekalia viti viwili vya chuma vilivyopindwa mfano wa mwezi mchanga. Mchomeleaji aliyevipinda alivipinda zaidi kidogo kuliko ilivyotakiwa, vikabana. Injinia alivipima mwenyewe kwa futi, akavichora hivyo hivyo vilivyo, bila kumtetea fundi wala kumsingizia. Hadi hapo kazi yake ilikuwa safi.

Taabu ilikuwa kwenye kugusana. Mtu ukiweka sufuria mezani huulizi kama vimegusana. Kompyuta lazima uiambie. Kwenye mchoro wake, kati ya tangi na viti kulikuwa na upenyo mwembamba kuliko karatasi, na programu ikiona upenyo inaona hakuna anayemshika mwenzake. Ukibebesha uzito, tangi linaenda zake. Siku ile miezi mitano nyuma lilienda zake mara kumi na moja. Mara lilizama likapita katikati ya viti kama mzimu, mara liliruka likaishia pembeni ya skrini kama puto la mtoto, na kila mara programu ikasimama na kuandika kwamba imeshindwa kupata jibu. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kochi nyuma yake, anakunywa chai, anamwambia mchomeleaji na winchi wanasubiri, mwanangu, wewe unacheza na puto.

Basi akafanya kile ambacho kila mtu wa kazi ile hukifanya. Akalifunga tangi kwa springi nane za kuazima. Hizo hazipo duniani, zipo kwenye mchoro tu. Zinalishika tangi kwa udhaifu, kama kidole kinachomshika mtoto anayejifunza kusimama, mpaka ligusane na viti vyake. Likishagusana, unaziondoa. Hata ukiziacha, ziwe dhaifu kiasi kwamba hazibebi kitu, na lazima uhakikishe kwamba hazibebi kitu. Programu ikagoma tena. Akazikaza springi, akaongeza sifuri moja kwenye ugumu wake. Ikagoma. Akaongeza ya pili. Ya tatu. Kwenye ya nne, mstari unaoonyesha hesabu ilikofika ukakimbia mpaka mwisho bila kusimama, na skrini ikajaa buluu nzuri ya kutuliza roho. Mjomba akapiga makofi. Injinia akachapa, akasaini, wakaagana, na yeye akaenda kuoga akijiona mshindi.

Sasa, Jumamosi hii, akafungua faili lile lile, na kwa mara ya kwanza akatazama safu ambayo siku ile hakuitazama: nani kabeba nini. Tangi likijaa ni tani tisa. Viti viwili vilikuwa vimebeba tani tano na nusu. Akajumlisha tena kwa kalamu nyuma ya bahasha. Tani tatu na nusu zilizobaki zilikuwa zimebebwa na springi nane ambazo hazipo.

Ilikuwa saa nne na nusu. Aliitazama saa na aliikumbuka baadaye kwa sababu aliulizwa.

Mtu akisimuliwa kisa kama hiki hujiona angekimbia papo hapo, angekwenda kuizima pampu kwa meno. Injinia hakukimbia. Alijiambia labda amesoma safu isiyo yenyewe. Alijiambia ukishalitoa jambo kwenye ngazi zile halirudi, na jengo lililompa jina lingemnyang'anya kabla ya adhuhuri. Bodi ya wahandisi ingesikia, wateja wangesikia. Akaamua ahakikishe kwanza. Ni neno zuri, kuhakikisha. Ukilivaa unaonekana mtu makini, hata kama ndani yake umejificha.

Akaipanga upya kazi, safari hii kama alivyofundishwa. Alizifuta springi zote. Hakulibebesha tangi mzigo wowote kwanza. Alilisogeza, akaliteremsha kwa amri yake mwenyewe robo milimita kwa hatua, mpaka likavikuta viti na viti vikalikuta, na programu ikakubali kwamba hawa wawili sasa wanashikana. Ndipo akaiondoa amri yake na kuanza kumimina uzito wa maji, kidogo kidogo, hatua mia moja badala ya tano. Pale kwenye ncha za viti, pembe nne za ile miezi miwili, aliusuka wavu uwe mwembamba sana, kwa kuwa siku ile aliuacha mpana na wavu mpana huona mambo kwa mbali. Akabonyeza. Programu ikamwambia isubiriwe saa moja na dakika arobaini.

Akasubiri. Na alipokuwa anasubiri, jengo likaanza kuhamia ghorofa ya tatu.

Alikuwa amesahau, au hakutaka kukumbuka, kwamba Mama Pacha alikuwa na wageni. Kaka yake alikuwa amerudi kutoka kazini mbali baada ya miaka minne, na Mama Pacha hakuwa mtu wa kumpokea mtu kimyakimya. Injinia aliwasikia wakipita mlangoni pake: mawifi, mashemeji, watoto wanaokatazwa kukimbia na wanaokimbia. Viti vya plastiki viligonga ukuta vikipandishwa. Mtu alimwomba mwenzake ashike sufuria vizuri, mkono mmoja huo utatuaibisha. Alianza kuwahesabu kwa viatu. Alipofika kumi na saba aliacha. Bomba la maji lilikuwa bado linatetemeka ukutani, na kila lita iliyopita mle ilikuwa kilo nyingine juu ya vichwa vyao.

Mara mbili alisimama aende. Mara mbili alifika mlangoni, akarudi kutazama mstari. Mstari ulikuwa unapanda kwa utaratibu, bila kugoma hata mara moja, na utulivu wake ule ndio uliomtisha kuliko mgomo wowote. Hesabu iliyosimama sawasawa haikubembelezi. Kwenye hatua ya arobaini tangi lilikuwa halijakaa kitini. Lilikuwa limening'inia kwenye pembe zake, limebanwa mapajani, chini kuna uwazi. Kwenye hatua ya sitini pembe zilikuwa njano. Kwenye sabini na mbili zikawa nyekundu, na nyekundu ikaanza kushuka taratibu kuelekea kwenye uchomeleaji, wakati pembe zenyewe zikifunguka nje, kidogo, zikishika na kuteleza. Krrr, ikasikika juu, kama vile skrini ndiyo iliyosema.

Hakungoja hatua ya mia.

Alipanda hadi paani akipishana na harufu ya vitunguu na vicheko. Jua lilikuwa linapiga kwenye zege. Tangi lilikuwa limelala pale pale, limepakwa rangi ya fedha, zuri kwa mbali. Akapiga magoti kwenye kiti cha upande wa kusini. Rangi ya pembe ilikuwa imepasuka mistari mistari, na chini ya mistari kulikuwa na ukanda wa chuma kilichosuguliwa kiking'aa kama kisu kilichotoka kunolewa, upana wa kidole. Pembe ilikuwa imeegemea nje. Pale inapoungana na bamba la chini, palikuwa na ufa ambao ukucha wake uliingia.

Alipogeuka, Mjomba alikuwa amesimama mlango wa paa, ufunguo wa pampu mkononi. Alikuwa amekuja kutazama kama tangi limekaribia kujaa.

"Zima pampu, Mjomba."

Mzee akamwambia bado robo tangi lijae. Akamwambia pia, kwa utani, kwamba leo Mama Pacha peke yake atamaliza nusu ya tangi kwa kuosha vyombo. Injinia hakucheka. Alimshika mkono, akampigisha magoti mahali alipokuwa amepiga yeye, akauweka ukucha wa mzee kwenye ule ufa.

"Kosa ni la fundi," Mjomba akasema.

"Fundi alikosea kidogo, na mimi nililipima kosa lake. Lililobaki ni langu. Karatasi niliyokupa ni ya uongo. Sikujua kwamba ni ya uongo, lakini ni ya uongo."

Mjomba akasimama, akajipangusa magoti kwa uangalifu mkubwa kuliko ulivyohitajika. Aliteremka akazima pampu, hilo alilifanya bila kubishana, akarudi na spana kubwa. Bomba likanyamaza. Walipokuwa wanahangaika na vali ya kutolea maji, iliyokuwa imeshikamana kwa kutu, mzee akaanza kusema kwa sauti ya chini. Maji yatatoka yote kwa saa mbili. Kwa saa mbili hakuna haja ya kumtia mtu yeyote homa. Watasema wanasafisha tangi. Nani anabishana na usafi? Watu wale huko chini watakula, watashiba, wataondoka, na Jumatatu ataitwa mchomeleaji mwingine kimyakimya. Watu zaidi ya ishirini wakiambiwa ukweli, watakimbilia ngazi ile nyembamba na kuumizana, na nani ataulizwa? Ataulizwa aliyesaini. "Na aliyeleta," akamalizia, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeogopa.

Injinia alimsikiliza. Tatizo la maneno ya Mjomba ni kwamba yalikuwa yale yale aliyojiambia mwenyewe tangu saa nne na nusu, sasa yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwingine, na huko nje yalikuwa na sura mbaya. Vali ikakubali. Maji yakafoka kwenye mfereji wa paa, yakateremka ukutani kwa kishindo. Tangi likalia, lakini safari hii kwa namna nyingine, fupi na kavu, kama mtu anayejirekebisha kitini.

"Mjomba, baki na vali," akasema. Akashuka.

Mlango wa Mama Pacha ulikuwa wazi. Meza tatu za urefu tofauti zilikuwa zimeunganishwa na kufunikwa kwa shuka moja, na watu walikuwa wanabanana kwenye viti. Kaka mtu alikuwa katikati, amekondeshwa na safari, pacha mmoja kwenye kila goti. Dari juu ya meza lilikuwa na ufa wenye umbo la mkono uliokunjuliwa. Mama Pacha alikuwa na upawa mkononi, anatoka jikoni, na alipomwona alifungua mdomo kumkaribisha kwa kelele zake za kawaida.

Injinia akamvuta kando, kwenye ngazi, akamwambia. Alimwambia kwa maneno machache na hakutafuta maneno laini: tangi halijakaa vizuri, linaweza kuanguka, maji yanatolewa sasa hivi, karatasi aliisaini yeye na ilikuwa na kosa, na lazima watu watoke upande huu wote wa jengo, wao, Mshonaji na walio chini yake.

Mama Pacha hakutazama juu. Watu wengi wangetazama juu. Alimtazama yeye.

"Ulijua saa ngapi?"

Kulikuwa na majibu mengi. Sasa hivi. Nimetoka paani. Nilikuwa nahakikisha.

"Saa nne na nusu, dada."

Ndani, juu ya mlango wa jikoni, kulikuwa na saa ya ukutani. Ilikuwa inasema saa saba kasoro dakika tano. Mama Pacha aliisoma bila haraka, kama anayesoma barua, upawa ukidondosha mchuzi kwenye kiatu chake. Kisha akageuka, na uso wake ukabadilika kabla haujafika kwa wageni; ukawa uso wa mwenye shughuli.

Aliwatangazia kwamba nyumba hii ina joto la kuoka mkate na yeye hataki kaka yake aive mara ya pili. Kila mtu abebe sahani yake na kiti chake, wanakula chini. Anayekimbia hapewi nyama. Wazee kwanza, polepole, mmoja mmoja, wifi yangu shika mkono wa mama. Akaligonga paja la kaka yake akimhimiza ainuke, na kaka mtu, aliyemfahamu dada yake vizuri kuliko wote mle ndani, alimtazama mara moja usoni, akasimama na pacha wote wawili kifuani, bila kuuliza.

Injinia alikuwa ameshafika kwa Mshonaji. Naye alielezwa, akauliza kama ana muda wa kuchukua cherehani. Akaambiwa hana. Akaitazama cherehani yake kwa sekunde moja ndefu, akachukua ufunguo badala yake: karakana yake ya kushonea ilikuwa ng'ambo ya uani, chumba kimoja kirefu chenye ukuta wake na paa lake. Alitangulia chini akigonga kila mlango wa upande ule, akaifungua, akaanza kusukumia vitambaa pembeni. Msafara ukapita ngazini na sahani zake, ukivuka uani huku maji yakimwagika kutoka ukutani na kupita getini kama kijito. Mtaa ulikuwa umeshayagundua. Watu wasiowajua walikuwa wamejipanga getini na ndoo, wanashukuru, wanasukumana, mmoja anauliza kama itakuwa hivi kila Jumamosi.

Kama robo saa baadaye tangi lilitoa sauti. Haikuwa krrr. Ilikuwa mlio mmoja, mzito, unaosikika kwenye nyayo kabla ya masikio. Wote waliokuwa uani wakasimama walivyo, na ndoo zao. Kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, vumbi jeupe likatoka taratibu, kama pumzi ya mtu aliyevuta sigara, likaning'inia hewani. Kisha hakuna kitu. Maji yakaendelea kumwagika.

Mjomba alitokea mlango wa ngazi, mweupe wa chokaa mpaka kwenye nyusi. Alisema pembe moja ya kusini imekatika. Tangi limelala ubavu, limeegemea ukingo wa paa, halijaanguka. Nusu ya maji bado imo. Hakujua kama litashika. Alimuuliza Injinia, na Injinia alisema hata yeye hajui, kwa kuwa hali hiyo hakuipima.

Walisimama wote wawili katikati ya uani, macho juu. Ndani ya karakana watu walikuwa wameacha kunong'ona. Sasa walikuwa wamejua. Mtu mmoja alikuwa amemwambia mwingine, na walikuwa wanamtazama Injinia kupitia mlango ulio nusu wazi.

"Hizo springi zako," Mjomba akasema. Alikuwa anajipangusa mikono na hakumtazama. "Ulizitumia kwenye tangi hili tu?"

Alitaka kujibu ndiyo, na alikuwa na hakika ni ndiyo, hadi neno lilipofika kwenye meno. Faili la tangi lilikuwa la kwanza kumkubalia vizuri mambo ya kugusana. Baada ya hapo hakuwahi kuanza kazi kama hiyo kwenye ukurasa mtupu. Alikuwa analifungua hilo, anafuta tangi, springi zinabaki, anachora kitu cha mteja, anabonyeza, na linakimbia mpaka mwisho bila kugoma, buluu. Alikuwa amewaambia wenzake kazini kwamba siku hizi mkono wake umekaa sawa. Ndoano ya winchi ya karakana moja. Bawaba za geti la chuma la shule. Vikalio vinavyobeba daraja la waendao kwa miguu, juu ya barabara. Alihesabu kwa vidole, akavimaliza vya mkono mmoja, akaendelea kwenye wa pili.

"Saba," alisema. "Saba mengine."

Mjomba akakaa chini, hapo hapo kwenye maji.

Injinia akatoa simu. Mteja wa kwanza alipokea, hakuelewa, akaelezwa mara ya pili, akaelewa. Wa pili alimuuliza kama amelewa, halafu akakata, halafu akapiga mwenyewe, na sauti yake ilikuwa nyingine. Wa tatu ndiye wa daraja. Simu yake iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Ilikuwa Jumamosi mchana, watu wako barabarani, wanavuka kwenda sokoni.

Mlango wa karakana ukafunguka. Mama Pacha alitoka amebeba sahani iliyojaa, akasimama kwenye kizingiti. Nyuma yake, kati ya mabunda ya vitambaa, watu walikuwa wamekaa wamejipanga kila upande, na kwenye benchi, katikati yao, walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja. Hakuna aliyekuwa anakula.

"Ingia," akasema. Hakutabasamu wala hakukunja uso. "Ingia ule, na hiyo simu iendelee kuita ukiwa humu ndani, tuisikie wote."